Gari Lisirudi Tupu kutoka Kariakoo

Leo sina dozi ya dawa wala ratiba ya kupandikiza. Leo natoa maoni yangu, na najua wapo watakaokasirika kidogo. Someni kwanza, hasira zije baadaye.

Simu ninazopigiwa na vijana wanaolima Mkuranga, Kibaha, Chanika na Bagamoyo zinafanana. "Bwana shamba, mchanga huu haushiki maji, namwagilia asubuhi, saa nane pamekauka." "Nimeweka mbolea, mvua imepiga siku mbili, naona kama sijaweka kitu." "Matikiti yangu yamegoma kukua, yana ukubwa wa embe dodo." Na watu haohao, mara mbili tatu kwa wiki, wanakodi kirikuu usiku kupeleka mchicha, bamia, matango na nyanya Kariakoo, Ilala au Buguruni. Alfajiri mzigo unashushwa, hesabu zinafanyika, halafu kirikuu linarudi shambani likiwa na matenga matupu. Dereva umemlipa kwenda na kurudi. Umelipia hewa.

Wakati huohuo, pale pale ulipolipaki, mtaa wa Mkunguni au Tandamti, chini kumejaa majani ya kabichi, nyanya zilizopasuka, maganda ya ndizi, mikungu, maembe yaliyooza upande mmoja. Saa mbili baadaye gari la taka litayabeba. Yatakwenda Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 20 kutoka hapo, yakafukiwe pamoja na makopo na vitambaa.

Maoni yangu ni haya: kirikuu lako lisirudi tupu. Lirudi na mabaki hayo, tena mabaki safi, na uyalipie. Neno "uyalipie" naomba mlishike, maana ndilo litakalowaudhi, na ndilo lililonigharimu mimi kulijifunza.

Kinachoondoka shambani

Soko Kuu la Kariakoo lilichorwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Wazee wanaokumbuka shimoni, ile sehemu ya chini ya jengo, wanajua ilikuwaje mizigo ikishuka usiku. Jengo liliungua Julai 2021, lakini chakula hakikuacha kuingia mjini hata siku moja. Kilihamia mitaani na masoko mengine. Hakuna namna nyingine: sensa ya 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu 5,383,728, na wote wanakula.

Sasa fikiria kama mkulima, siyo kama mteja. Kila tenga la nyanya linaloingia Kariakoo lina naitrojeni, fosforasi na potashi iliyotoka kwenye shamba la mtu. Wewe ulinunua mbolea, ukaiweka, mmea ukaichukua, ukaiuza. Hiyo ni biashara, hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba safari ni ya upande mmoja. Udongo unatoka Mkuranga kwenda Kariakoo, unatoka Kariakoo kwenda dampo, haurudi tena.

Angalia potashi peke yake. Wengi wenu mnapandia DAP na kukuzia urea. DAP ni 18-46-0. Urea ni 46-0-0. Ile sifuri ya mwisho ndiyo potashi. Yaani msimu baada ya msimu unavuna matikiti na nyanya, mazao yanayokula potashi sana, na hurudishi hata kijiko. Halafu unashangaa matunda madogo yasiyo na utamu. Wakati huohuo mikungu na maganda ya ndizi, ambayo yana potashi nyingi kuliko karibu kila taka ya sokoni, yanafukiwa Pugu.

Na huko yanakofukiwa hayakai kimya. Mabaki ya chakula yakikosa hewa yanatoa methani, gesi inayopasha joto dunia mara 28 hivi kuliko kabonidioksaidi ukipima kwa miaka 100. Yanatoa maji machafu yanayoingia ardhini. Yanafanya mlima wa taka uwe laini. Wenzetu wa Kampala walizika ndugu zao Agosti 2024, dampo la Kiteezi lilipoporomokea nyumba na kuua zaidi ya watu 30. Na sisi hapa tusijifanye wageni wa habari hizi. Wakazi wa Tabata walilipeleka jiji mahakamani kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo lililokuwa kwao, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Tangu hapo dampo limekuwa likihamishwa kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Taka ni zilezile, majirani ndio wanabadilika.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia kikundi cha vijana sita. Walikuwa na ekari moja na nusu ya nyanya, udongo wa kichanga, fedha kidogo. Mimi nimetoka semina, kichwa kimejaa moto, nikawaambia: "Taka ni bure, mboji ni pesa. Tafuteni Fuso lilete taka za sokoni, mimi nitawafundisha."

Fuso likaja. Walichomwagiwa pale kilikuwa taka za sokoni kweli, lakini zote: majani, vifuko, chupa, betri za tochi, nepi, viatu, vigae vya sahani. Tukasema tutachambua. Siku ya kwanza tulichambua kwa nguvu. Siku ya tatu harufu ilikuwa haivumiliki, nzi wamejaa, jirani analalamika kwa mwenyekiti. Siku ya nne dada mmoja wa kile kikundi akakatwa na kioo kwenye kiganja, akashonwa. Tukaacha kuchambua. Tukafunika lundo kwa nyasi, tukasema vingine vitaonekana wakati wa kuchekecha.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Miche kitaluni ilikuwa tayari, lundo lilikuwa na wiki tano tu. Kwa nje lilikuwa jeusi, ndani bado lina joto na unaliona ganda la ndizi lilivyo. Nilijua halijaiva. Lakini kupandikiza hakungoji, nikaruhusu likaingia kwenye mashimo. Mboji mbichi ikiingia ardhini, vijidudu vinaendelea kuiozesha na vinakula naitrojeni ya udongo ambayo mche ulikuwa unaihitaji. Baada ya siku kumi shamba zima lilikuwa la njano. Vijana wakakopa kununua urea ili kuokoa. Waliokoa nusu.

Deni lililipwa, kikundi kikavunjika. Wawili waliacha kilimo kabisa. Mmoja wao sasa ni bodaboda, na siku moja nilimpanda bila kumtambua mpaka aliposema, "Mzee, ile mboji yako bado inaota vifuko." Alikuwa anatania. Mimi sikucheka. Nilipita pale shambani baadaye, na kweli kila jembe linaloingia linatoka na kipande cha nailoni.

Wazee walisema rahisi ghali. Ile taka haikuwa bure. Gharama ya kuitenganisha ilihamishwa tu, ikatoka mjini ikaangukia mikononi mwa vijana sita wasio na glovu.

Swali la mama wa kabichi

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ilipaswa kuanzia wapi. Jibu nililipata Kariakoo, kwa mama mmoja anayeuza kabichi. Nilimkuta anabandua yale majani ya nje na kuyatupa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, nikufungie ngapi?"

"Leo nataka haya majani unayoyatupa."

"Ya sungura?"

"Ya mbolea."

"Yachukue tu, unanisaidia."

"Lakini mama, nataka uwe unayaweka peke yake. Yasichanganyike na vifuko wala makopo."

Akaacha kisu. "Eeh, hapo sasa unanipa kazi. Ushuru nalipa. Tozo ya taka nalipa. Nikichanganya nalipa, nisipochanganya nalipa ileile. Sasa nikitenganisha mimi napata nini?"

Sikuwa na jibu. Ninyi mngekuwa nalo? Tunapenda kusema watu wa mjini hawana elimu ya taka. Yule mama alikuwa na hesabu nzuri kuliko yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri wajibu wa kusimamia taka na kuhimiza zitenganishwe pale zinapozalishwa. Sheria ni nzuri. Lakini mwaka wa 2004 mpaka leo ni zaidi ya miaka 20, na chini ya meza ya mama yule kuna lundo moja tu. Kutenganisha ni kazi, na kazi isiyo na malipo hufanywa siku viongozi wakija kutembelea.

Ndipo ninaposema mkulima ana nafasi ambayo halmashauri haina. Halmashauri inataka taka ziondoke, ziwe safi ziwe chafu. Mkulima anataka kitu kinachooza tu, na ana sababu ya kukikataa kikiwa kichafu. Mtu anayekataa mzigo mchafu na kulipia mzigo safi tunamwita mteja. Mabaki ya Kariakoo yamekosa mteja.

Waliotangulia

Msidhani nimeota. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani ambalo ni jiji-rafiki la Dar es Salaam tangu 2010, imejenga kituo cha mboji Mabwepande kinachopokea taka za masoko. Walichagua taka za masoko kwa sababu kule sehemu kubwa inaoza, kuchambua ni kazi ndogo kuliko taka za majumbani. Kata ya Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio na ushirika wa wakusanya taka wanapita nyumba kwa nyumba, watu wanatenganisha wenyewe, zinazooza zinageuzwa mboji. Kampuni ya Guavay, iliyoanzishwa na vijana wa Kitanzania, imetengeneza mbolea yake ya Hakika kutokana na taka zinazooza za jijini. Na msisahau wale wasio na jina wala mradi: wafugaji wa ng'ombe na nguruwe ambao kwa miaka mingi wanapita na guta kuokota maganda ya ndizi na majani kwenye masoko yetu. Hao ndio walimu wa kwanza.

Uganda nao walijaribu kwa ukubwa. Mamlaka yao ya mazingira, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilijenga vituo vya mboji kwenye miji kama Mukono, Jinja, Mbale, Kabale na Fort Portal. Taka zilifika zimechanganyika, zikawa zinachambuliwa kituoni. Mnaona? Ni ile Fuso yangu, ila kwa ukubwa wa mji mzima. Mboji inayotoka kwenye taka zilizochanganyika lazima ibishane na mkulima kila gunia, na mkulima ana haki ya kubisha.

San Francisco, Marekani, walipitisha mwaka 2009 sheria ya kumlazimisha kila mtu kutenganisha mabaki ya chakula. Lakini kinachonivutia kule ni mwisho wa safari: mboji inanunuliwa na mashamba, yakiwemo ya zabibu. Anayenunua anataka isiwe na vioo. Kwa hiyo mji unasumbuka kuvitoa.

Mtanipinga, najua

Wapo watakaosema: bwana shamba, mbolea ya ruzuku ipo, ya nini kuhangaika na maganda? Nawajibu kwa hesabu. Mboji nzuri ya mabaki ya mboga ina naitrojeni kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito mkavu. Tani moja ya mboji yenye unyevu wa kawaida inakupa kilo 6 hadi 12, na sehemu ndogo tu ndiyo inatoka msimu wa kwanza. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa hiyo anayekwambia mboji itachukua nafasi ya urea msimu huu anakudanganya, na mimi niliwahi kuwa mmoja wao. Lakini ruzuku inakupunguzia bei ya mfuko. Haiwezi kuuzuia usizame kwenye mchanga. Mchanga wa Pwani hauna kitu cha kushikilia mbolea wala maji. Mboji ndiyo kitu hicho. Ukiwa nayo, urea uliyoilipia inakaa pale mizizi ilipo. Na ile potashi uliyokuwa hurudishi inarudi.

Wapo watakaosema: kwa nini tusichukue samadi tu? Chukueni, kama mnaipata. Mimi naijua bei ya samadi ya kuku ikifika Mkuranga, na ninyi mnaijua.

Na wapo watakaosema: usafi wa mji ni kazi ya halmashauri, kwa nini mkulima alipe? Hoja hii ina haki ndani yake, siifichi. Mji unaokoa gharama kila pipa lisilokwenda Pugu, na ingekuwa vizuri mama wa kabichi apunguziwe tozo anapotenganisha. Tudai hilo, na tulidai kwa sauti. Lakini tukisubiri mpaka hilo lije, masika itapita, vuli itapita, na kirikuu litaendelea kurudi tupu. Anayehitaji udongo ni wewe.

Hesabu ya kirikuu moja

Chukua mfano huu, weka bei za kwako. Una wafanyabiashara kumi unaowauzia au unaowafahamu, waliokaa karibukaribu. Kila mmoja unampa pipa la plastiki la lita 100 lenye mfuniko. Mapipa kumi yaliyojaa na kushindiliwa kiasi ni kama nusu tani, kirikuu linabeba bila kulia. Ukienda mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, umebeba tani 18 za mabaki mabichi.

Tani 18 msizisherehekee, zaidi ya asilimia 80 ni maji. Ukichanganya na vitu vikavu na kuozesha vizuri, utabaki na mboji tani 4 hadi 5. Kwa kiwango cha tani 4 kwa ekari, umepata ekari moja. Safari za msimu mmoja, ekari moja. Msimu ujao ekari nyingine. Hakuna maajabu hapo, na ndiyo maana naiamini.

Malipo je? Tuseme shilingi 500 kwa pipa safi. Mapipa kumi ni 5,000 kwa safari, safari 36 ni 180,000. Ongeza kidogo cha mlinzi wa usiku, maana mapipa yasipokuwa na mtu wa kuyaangalia, mifuniko ndiyo inaanza kupotea, halafu pipa lenyewe. Linganisha na bei ya tani 5 za samadi iliyofikishwa shambani kwako. Na si lazima iwe pesa taslimu. Wapo watakaopenda mafungu mawili ya mchicha kila safari kuliko hiyo mia tano.

Kanuni ni moja, na usiivunje hata kwa rafiki: pipa chafu halilipwi na halipakiwi. Fungua mfuniko mbele yake, ukikuta kifuko kimoja mwambie, ukikuta vingi liache hapo hapo. Wiki ya kwanza watakununia. Wiki ya tatu, ukiwa mlipaji wa kweli, wataanza kuwafokea wateja wanaotupa makopo humo.

Mambo ya kufanya kabla hujapakia

Kwanza, ongea na wenye mji. Kubeba taka kuna taratibu zake na kila eneo lina mkandarasi wake. Nenda kwa mtendaji wa mtaa na afisa mazingira wa kata, wajue unachobeba na unakopeleka. Mkandarasi asikuone kama mwizi wa kazi yake. Unampunguzia uzito, na aambiwe hivyo mapema.

Pili, matenga ya chakula yasiguse mabaki. Mapipa yana mfuniko, yanafungwa kamba, na gari linaoshwa kabla halijapakia mchicha tena. Ukilegeza hapa utaharibu soko lako mwenyewe.

Tatu, chukua mabaki ya mimea tu: majani, maganda, mikungu, matunda yaliyooza, machicha ya nazi. Nyama, samaki na wali wenye mafuta waachie wenye ujuzi, vinaleta panya na mbwa. Na kama una nguruwe na unataka kuwalisha mabaki ya mama ntilie, yachemshe vizuri kwanza. Homa ya nguruwe ya Afrika inaweza kuingia bandani kupitia kipande kidogo cha nyama ya nguruwe isiyoiva.

Nne, uwe na vitu vikavu shambani kabla ya safari ya kwanza. Ndoo mbili za mabaki mabichi zinataka ndoo moja hadi mbili za nyasi kavu, majani makavu au pumba za mpunga. Pumba za mbao weka kidogo, zinachelewa sana kuoza, na usichukue za mbao zilizowekwa dawa. Lundo liwe na angalau mita moja kila upande, la sivyo halishiki joto. Unyevu upime kwa mkono: kamata kiganjani, minya, yatoke matone machache tu. Chomeka nondo katikati, iache dakika chache, ichomoe. Isiposhikika kwa moto, hapo joto lipo na linaua mbegu za magugu na vimelea. Likipoa, geuza. Nzi na harufu mbaya maana yake ni maji mengi na hewa kidogo, ongeza vikavu ugeuze.

Tano, na hapa ndipo nilipoanguka: subiri. Miezi mitatu, wakati mwingine minne. Mboji iliyoiva inanukia udongo wa mvua ya kwanza, na huoni tena kilichokuwa ganda na kilichokuwa jani. Bado una shaka? Chukua kopo mbili, moja weka mboji, nyingine udongo wako, panda mbegu za mchicha kwenye zote. Baada ya wiki moja, kama miche ya kwenye mboji ni michache au imenyauka kuliko ile ya udongo, haijaiva. Kopo mbili na mbegu za shilingi mia zingewaokoa wale vijana sita.

Mwisho, hii ni kwa shamba lako. Siku ukitaka kuifunga kwenye mifuko na kuiuza, umeingia kwenye Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, na huko utakutana na TFRA, usajili na vibali. Ni njia halali na nzuri, lakini usianzie hapo.

Sikuandika haya kuwaambia mkaokoe jiji. Jiji lina wenyewe. Nimeandika kwa sababu namwona kijana wa Mkuranga anamwaga maji na urea kwenye mchanga usio na kitu, na namwona mama wa Mkunguni anatupa chini kile ambacho mchanga ule unakililia, na kati yao kuna gari ambalo tayari limelipiwa.

Anza na mapipa matatu. Kumi yatakuja. Mimi mwezi ujao narudi kwa yule mama wa kabichi na pipa na mia tano yake. Swali lake nimelibeba muda mrefu.

Kazi njema, tukutane shambani.